Nyuma ya Jukwaa, Jomvu Kuu

Kiingilio mia tatu, na mhuri wa wino mkononi
ambao leo siku ya tatu haujasikia sabuni.
Uwanja wa skuli ya msingi, magoli yamefungwa mataa,
maspika yamepangwa kama makabati ya bi arusi,
na mimi, msinilaumu,
tangu adhuhuri sijatia kitu tumboni.
Shangazi Mwanamvua ndiye aliyenambia:
usile nyumbani, tamashani kuna kila kitu.

Kila kitu kilikuwako.
Chakula ndicho kilichokosekana.

Kibanda cha kwanza, bango lake refu kuliko foleni:
chipsi zimelegea kama tambara la kudekia,
soseji imelala chini ya balbu tangu asubuhi.
Ikanitazama, nikaitazama,
tukaachana kwa heshima.
Cha pili, kahawa. Kijana mwenye aproni
akachota unga koponi, akamimina maji ya vuguvugu,
akakoroga kwa kijiti, akasema mia mbili na hamsini.
Nikaonja.
Ilikuwa na rangi ya kahawa. Basi.

Jukwaani mtu alikuwa akijaribu maiki:
moja, mbili, moja, mbili.
Saa nzima hajafika tatu.

Hapo ndipo nilipomuona mpiga dumbaki,
mwembamba, kanzu kaipandisha hadi magotini,
anapenya baina ya turubali na ukuta wa choo
kwa mwendo wa mtu ajuaye aendako.
Nikajiambia: Zamzam, mfuate huyu.
Anayekesha akipiga ngoma
hali kwa kubahatisha.

Nyuma ya jenereta, mwanga unapokatikia,
palikuwa na jiko, sufuria mbili, mama aitwaye Mwanakheri,
na dawati lililochongwa kwa ncha ya bikari: *3B tunatoka*.
Hana bango. Hana bei.
"Mbaazi zimebaki za watu watano," akasema bila kuinua kichwa,
"na wewe ni wa sita."
Nikageuka niondoke.
"Kaa. Nitampunguzia huyu wa dumbaki. Kwani hulipa?"

Mahamri! Iliki yake imetwangwa jioni ileile,
yamefura, ndani matupu,
ukiyapasua yanakupumulia usoni.
Tui zito limezishika mbaazi zisikimbie,
na pilipili mbichi, nzima, imejilaza juu
kama mwenye nyumba.
Nikala kwa mkono wenye mhuri.
Sikusema neno hadi sahani ikaonyesha maua yake.

Ubavuni mwangu alikaa mwimbaji mwenyewe,
yule wa kwenye picha ya mlangoni,
gauni la vimetameta, leso kajifunga kifuani ukwaju usimrukie,
anakula viazi vya karai kwa vidole vitano.
Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia
kuwa nimevuka Makupa kwa ajili yake.
Akaniwahi:
"Nisogezee hiyo chumvi."

Kisha akatokea Shekue na dele lake,
vijikombe vinagongana kiganjani, ka, ka, kaka,
mpaka yule wa dumbaki akaanza kumjibu kwa kucha juu ya dawati.
Kahawa tungu, tangawizi inauma nyuma ya koo,
kipande cha halua juu ya gazeti la juzi.
Kikombe cha kwanza kiliuamsha ulimi.
Cha pili, sijui, labda miguu.
Baadaye sikuhesabu, na Shekue naye hakuhesabu,
nikajua hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Jina likaitwa. Uwanja ukapiga vigelegele.
Mwimbaji akafuta mikono, akaivua leso,
akamkabidhi Mwanakheri: "Niwekee kimoja."
Akapanda ngazi za mbao, mgongo umenyooka.

Ningeweza kukimbia mbele. Sikukimbia.
Kwa nyuma sauti hufika imevaliwa ndani nje,
fidla zinapita kwenye turubali,
jenereta inaitikia chini chini.
Akaimba kwamba tangu aachwe na mpenziwe
tonge halipiti, chakula kimemkataa,
na uwanja mzima ukamlilia.

Mwanakheri alicheka hata akauweka upawa chini.
"Muongo huyu," akasema,
akakifunika kile kiazi kisipoe.