Msomaji wa Ghorofa ya Nne

Kazi yangu ni kuwa ukuta unaojibu.
Nakaa kando ya kamera, isiponiona,
nasoma maneno ya mke, ya hakimu, ya mwizi,
ili anayesailiwa apate pa kurushia yake.
Siku nikisoma vizuri, hakuna anayenikumbuka.

Budapest, mtaa ambao tramu hupinda ikilalama.
Lifti imekufa tena tangu vuli,
hivyo wote hufika wakihema,
na Bi. Hargitai Piroska, mteuzi wa waigizaji,
huwapa dakika mbili warudishe pumzi.
Kalamu iko chini. Macho yako kazini.

Jumatatu alikuja Zsombor na keki ya asali,
akaitua mezani, juu ya orodha.
"Mama kaipika kwa ajili yako."
Bi. Piroska akashukuru, akaisogeza;
chini yake jina la binti wa saa nne na robo
lilikuwa limelowa siagi, halisomeki.
Keki tuliila mimi na mpiga picha.
Tamu, sisemi uongo.
Nafasi ya daktari hakuipata,
ingawa keki siishitaki: kurasa hakuwa amezisoma.

Binti wa siagi aliitwa Emőke.
Jina, urefu, kimya.
Alikuwa amezisoma kurasa tano zote,
na zile ambazo hamo.
Sentensi ya pili ikamteleza.
Hakujipiga kifua, hakulaumu baridi wala ngazi.
"Naomba nianze tena."
Akaanza. Akamaliza.
Akatoa asante yake kwa wingi,
na wingi ule ulinihesabu na mimi.

Nami niseme langu, maana nyani haoni kundule.

Miaka kumi na mmoja iliyopita
niliipata anwani ya nyumbani kwake
kwa rafiki wa rafiki wa kinyozi.
Usiku wa Januari, bahasha kwapani,
picha zangu kumi na mbili ndani,
moja nimeshika upanga wa kukodi.
Nikagonga. Nikagonga. Nikagonga.
Hodi hupigwa mara tatu; ya nne ni ugomvi.
Niliipiga ya nne, na ya tano.

Akafungua, mikononi kabeba beseni la maji ya moto,
nyuma yake mzee anakohoa gizani.
Mimi nikaanza kuigiza.
Pale pale, kwenye mkeka wa kufutia viatu,
mfalme aliyepoteza wanawe,
kuanzia neno la kwanza hadi machozi.
Mvuke wa beseni ukapungua, ukaisha.
Alisubiri nimalize.
Akasema, "Ofisi hufunguliwa saa tatu asubuhi."
Angenitukana ningepona mapema.

Nilikaa miaka minne ndipo nikaandika,
barua ya mistari mitatu, kwa ofisi:
jina langu, kazi niliyonayo, samahani.
Sikuomba kitu.
Jibu lilikuja baada ya wiki sita:
"Nahitaji msomaji siku za Alhamisi. Lifti ni mbovu."
Alhamisi zikazaa Jumatatu.

Jana kijana mmoja alinishika mkono ngazini.
"Niambie, anapenda nini?"
Nikamwambia: anapenda ujue maneno yako.
Picha ifanane na uso utakaoingia nao.
Wasifu ukurasa mmoja, na usiseme unapanda farasi
kama farasi mwenyewe hana habari.
Andika mara moja. Ukipata kazi mpya, andika tena.
Akikaa kimya, kimya chake si mlango wa kusukuma.
Kijana akacheka: "Si chema chajiuza?"
Walionena hivyo hawakuwahi kuitafuta
nafasi ya mistari mitatu katika mji huu.
Chema nacho hupanda ngazi, mwanangu.
Ila hupanda kwa saa yake, na hujua kushuka.

Emőke naye hakuipata nafasi ile.
Nilimwona Bi. Piroska, mlango ulipofungwa,
akiandika neno moja kwa penseli
pembeni mwa doa la siagi.
Sikuinama kulichungulia.
Mimi husoma ninayopewa.
Nikatoka ukumbini, nikaita anayefuata.