Wiki ya Sita, Makupa

Niliambiwa ninywe maji lita moja, nisiende msalani,
nikapanda ngazi za juu ya duka la matairi
mapaja nimeyabana kama mtoto wa chuoni
aliyenyimwa ruhusa.

Jina la mpiga picha limeshonwa kifuani: Wakesho.
Mtaita huyu, najua, ni jina la kwao tu,
lakini mwenye hofu hujitazamia fali kwa chochote.
Wa kesho, nikasema moyoni. Haya.

Ute wa baridi tumboni. Feni yazunguka, upepo haufiki.
Akabonyeza, akatafuta
kama atafutaye stesheni kwenye redio ya marehemu babu:
giza, mvumo, mvua ya nukta nyeupe,
halafu akanyamaza.
Mimi nayajua manyamazo ya watu wa hospitali.

"Kifuko hiki hapa. Na hiki, hiki kidogo."
Kidogo nini? Chembe ya mtama
iliyobaki kwenye ungo baada ya kupeta.

"Na moyo?"
"Bado mapema. Huenda siku zako zimepishana.
Rudi baada ya wiki mbili."
Akanipangusa kwa mkono wake, hakunirushia tishu.
Hilo ndilo lililoniliza.

Yule wa kwanza hakupigwa picha.
Alitoka usiku mmoja wa Shaabani,
hakuacha hata kivuli cha kukunja nikatia mkobani.
Huyu ana karatasi.

"Usiiweke penye joto," Wakesho akaniambia, "hufutika."
Penye joto!
Machi hii, Mombasa hii, kuta zenyewe zatoka jasho,
nikaiweke wapi?

Nimeitia kwenye kopo la Kimbo, kopo kwenye friza,
chini ya barafu za ukwaju niuzazo shilingi kumi.
Shebwana karudi zamu ya usiku bandarini:
"Wamesemaje?"
Nikamfungulia friza.
Akasimama pale, ukungu wa baridi ukimpanda ndevuni,
mtu ashushaye makontena mchana kutwa, usiku kucha,
ameshika karatasi kwa ncha za vidole viwili
na haulizi ipi juu, ipi chini.

Mamake hatujamwambia.

Stima zikipotea naegemeza mgongo mlangoni mwa friza
baridi isitoke,
nahesabu siku, nasahau, naanza tena.

Watoto wa mtaa wabisha: "Hodi! Barafu!"
Zimo tele, zimegandamana.
"Leo hakuna," nawaambia.
"Njooni kesho."