Kuliko Nini?

Mkutano wa mwaka, Bundibugyo, darasa la tano.
Wanachama thelathini na mmoja kwenye madawati ya watoto,
magoti yamekaribia kidevu,
nami, mweka hazina, nina chaki na daftari.

Bwambale anasimama kabla sijasema neno.
"Fedha yangu imezaa mara mbili."
Anakaa polepole, kama atuaye mzigo wa sifa.
Makofi.
Naandika ubaoni: *mbili*.
Chini yake naandika: *kuliko nini?*

Kwa maana miaka ile saba
jirani yake Kabugho aliiacha kakao yake ilivyo,
akapalilia, akavuna, akanyamaza,
ikazaa mara tatu.
Na saruji, na ada ya shule, na kilo ya sukari
zilikuwa zikipanda ngazi hiyohiyo
bila kumwomba Bwambale ruhusa.

Mwaka ule kimbunga kilipoipiga Madagaska
sisi huku tuliitwa werevu.
Vanila mbichi, kilo moja, laki mbili!
Tulilala shambani na mapanga na tochi,
tukachora majina yetu kwenye maganda kwa ncha ya sindano;
Muhindo alikopa pikipiki
kwa maua ambayo hayajachavushwa.
Hakuna aliyeushukuru upepo wa kisiwa cha watu.
Tulisema: tuliona mbali.
Hapo ndipo wengi mlipoingia, tarehe zenu ninazo,
kumi na tisa katika mwezi mmoja,
na mmoja wenu aliuza ng'ombe mwenye mimba.

Mche wa vanila huchukua miaka mitatu kutoa ua.
Hofu huchukua asubuhi moja.
Bei iliposhuka hadi elfu kumi na tano
Thembo aling'oa mashina mia nne kwa siku mbili
akayachoma.
Moshi haukunukia chochote; vanila mbichi haina harufu.
Bei ilipoinua kichwa tena, alikuja kwangu kukopa
anunue miche.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ina daftari, na habari ndizo hizi:
safu ya kwanza, shamba lilipata nini.
Asilimia kumi na moja kwa mwaka.
Safu ya pili, ninyi mlipata nini.
Nne.

Mmeniuliza nani ameziiba hizo saba.
Nimetafuta. Nimefungua risiti, nimemimina sanduku mezani,
nimemhoji mlinzi mpaka akalia.
Hakuna mwizi.
Kuna tarehe.
Kuna siku mlizokuja mkikimbia
na siku mlizoondoka mkikimbia.

Mmoja tu safu zake mbili zinalingana: Mbambu,
aliyekwenda Bwera kumuuguza mama aliyevunjika nyonga,
akakaa miaka mitano.
Tumemwomba siri yake.
Anafinyanga ncha ya leso. "Sikujua bei," anasema.
Mmecheka. Mimi sikucheka,
wala sitamwita hodari;
nyonga ya mama si mbinu ya biashara.

Sasa fungueni ukurasa wa arobaini na saba.
Jina hilo ni langu.
Mimi niliyewashauri kusubiri
niliuza Jumanne moja, usiku, kwa taa ya simu,
kwa bei ya chini kuliko zote kitabuni.
Nilitia sahihi pa mlipaji,
nikatia sahihi pa mlipwaji,
na tazameni, wino umetetemeka pande zote mbili.

Kimya. Kisha simu ya Thembo inalia,
na ya Muhindo, na ya mtu wa nyuma:
wanunuzi wamefika Nyahuka, bei imepanda.
Madawati yanakwaruza sakafu.
Nabaki na mwenyekiti na ajenda ya tatu.

Sikufuta ubao.
Jumatatu watoto watakuta *kuliko nini?*
na mwalimu, akidhani ni somo la Kiswahili,
atawaambia wakamilishe sentensi.