Vitambaa Kumi na Kimoja

Asubuhi nahesabu kabla ya chai:
kumi na kimoja, nimevikunja kando ya cherehani,
masalia ya vitenge vya wateja wa Mbagala,
ndani taulo, nyuma kifungo cha kubana
kisimkwaruze shingo.
Cha njano kwa gauni la njano.
Mwanangu havai tambara la jikoni.

Kwa lugha yetu udenda ni wa mlafi.
Udenda unamdondoka, twasema,
mtu akiona gari la jirani, akiona mke wa watu.
Basi niambieni, Sikudhani ametamani nini?
Ana miaka sita, na anachokitazama sana
ni feni. Umeme ukikatika
huitazama vilevile, imesimama.

Mate yake si mengi kuliko yako,
alisema Bi Ngonyani wa mazoezi,
ni kumeza tu, misuli haikumbuki.
Akanishika vidole, mimi fundi wa suti,
akanifundisha kidevu:
mkalishe wima, nyayo zikanyage ubao,
bonyeza polepole chini ya mdomo, ngoja,
koo likipanda, msifu.
Na usisugue. Gusa, kausha, achia.
Kwa joto hili la Februari
ngozi ya hapo ni karatasi ya sigara.

Dawa nayo tulipewa.
Ilikausha kweli. Siku nne
vitambaa vilikaa vikavu, nikavimba kichwa,
nikampeleka harusini Chang'ombe,
na shangazi asiyewahi kumpakata akampakata.
Siku ya tano midomo imepasuka,
makohozi mazito kama gundi, choo hapati,
na ile "mbwaa" yake ya mapovu
anayonipokelea mlangoni
haipo.
Tukarudi kwa daktari, akapunguza.
Mwanaidi akaroweka vitambaa, hakusema kitu,
ila alikuwa anaimba.

Jana Mama Ngwilizi kaja kupima blauzi,
na kitukuu chake, wa miaka minne, mdomo mkavu kabisa,
akakinyooshea kidole cha maua mekundu
kifuani kwa Sikudhani:
na mimi nataka kama hicho.
Bibi akamfinya. Macho chini.
Nikasema mwache, mama,
nikatafuta kipande, nikakishona palepale,
sikutoza hata mia.

Wakaketi wawili mkekani, wamevaa sare.
Mbwaa, akasema Sikudhani,
na cha saba kikalowa.