Binti Asiye na Macho

Mimi ndiye niliyeshika simu,
kwa kuwa yangu ndiyo mikono pekee isiyo na mafuta.
Saluni ya Mama Nyafwono, Tororo, Jumamosi,
vumbi la saruji limetanda juu ya chupa za dawa,
na nje malori yanangoja zamu ya kwenda Malaba.
Mchezo wenyewe ni hadithi ya picha:
unasoma, unafika njia panda,
unapewa majibu matatu, unagusa moja,
na mapenzi yanaendelea au yanakufa.

Binti wa hadithi hakuchorwa macho.
Nywele zimemshukia hadi puani,
chini yake kidomo, basi.
Wale wanaume wanne wanaomtaka wamechorwa hadi kope,
hadi kifungo cha shati kilicholegea.

"Zuzu huyu," alisema Amoding, huku anasuka.
Hapo binti alikuwa amesema asante mara mbili.

Nikagusa jibu la pili, akakataa ua.
"Maringo! Anataka apewe nini, shamba?"
Nikarudi nyuma, nikagusa la kwanza, akalipokea.
"Bei ya roleksi."
Nikaacha kugusa. Mchezo ukasubiri, naye akasubiri.
"Mwone alivyoduwaa. Gogo."

Mwana wa tajiri alipofunga mlango kwa ufunguo
akautia mfukoni, akasema ni kwa usalama wako,
saluni nzima ilivuta pumzi.
"Huyu anapenda," alisema mteja mwenye rola,
"ila aliumizwa utotoni, mtaona."
Na kweli, sura ya saba ilitupa utoto wake:
mvua, mama aliyeondoka, farasi aliyekufa.
Tukamlilia farasi.
Utoto wa binti hatukuelezwa.
Hatukuuliza.

"Mimi ningempiga teke," alisema Khainza.
"Ningevunja dirisha."
Nikatafuta. Teke halikuwamo.
Yaliyokuwamo: Tafadhali. Kwa nini? Na nukta tatu.

Niseme na langu.
Maneno yalikuwa ya Kiingereza, mfasiri ni mimi.
Tafadhali yake ilikuwa kavu,
haina chozi, pengine hata ina hasira.
Ile sauti ya puani, ya kudeka,
niliitia mimi, ili wacheke.
Wakacheka. Nikaongeza chumvi.
Kisha na mimi nikasema, "Lakini jamani, dada huyu!"
kana kwamba kidole kilichomchagulia si changu.

Umeme ukakatika.
Mashine ikanyamaa juu ya kichwa cha Mwalimu Akongo,
ambaye tangu asubuhi hakutoa neno.
Akachomoa kichwa, masikio yamemwiva, akauliza:
"Mnamjuaje, na hana macho?"

Amoding alikaza msuko hadi mtoto akasema aii.

Khainza ndiye aliyechukua kalamu ya wanja,
akainama, akachora juu ya kioo cha simu
macho mawili, moja kubwa kuliko jingine,
macho ya mtu aliyegongewa mlango usiku.
Tukayatazama. Yakatutazama.
Kwa muda wa kumenya ndizi
hakuna aliyesema ni mwema, hakuna aliyesema ni malaya.

Halafu kidole changu, kwa mazoea, kikagusa.
Picha ikageuka. Binti akaenda zake,
bustanini labda, sijui,
lakini macho yalibaki kwenye kioo
yakamwangukia mwana wa tajiri:
moja kidevuni,
jingine juu ya mfuko wa koti, ule wenye ufunguo.

Chaji imebaki asilimia nne.
"Pangusa," anasema Mama Nyafwono, "tuendelee."
Kitambaa ninacho.
Sijapangusa.