Mgongo wa Nkambo Ngoie

Kabla ya a, e, i, nilisoma mgongo.
Katuba, uani, beseni la bati,
kipande cha sabuni ya mawese,
na Nkambo Ngoie ameinama:
"Sugua, usiogope. Hazibanduki."
Safu tatu za chale, nukta kwa nukta,
kutoka begani mpaka kiunoni,
na katikati mjusi.
Au njia. Sikuuliza.

Alizikwa Kamina siku ya mtihani wangu:
chora chupa, chora tufaha,
tunda ambalo sikuwa nimewahi kulionja.
Nilipata kumi na saba kwa ishirini.

Leo nachora vitabu vya shule,
dola nne kwa picha, zikilipwa.
Bwana Lwamba mchapaji anagonga meza:
"Kabange, mvua ni mistari!
Nukta zako zinakunywa wino, mashine inaziba."
Nikafuta. Nikachora mvua ya watu wote.
Ikaanguka kama misumari,
haikumlowesha mtu.

Usiku umeme ukakatika.
Kwa mshumaa nikairudia, safu tatu, tatu,
kidole kikiitangulia kalamu
kama kilivyoitangulia sabuni.
Maana yake sina. Nina mwendo wake tu.

Lwamba alinung'unika, akachapa.
Sasa iko ukurasa wa kumi na mbili,
somo la majira.
Juzi, shule moja ya Kenia, nilimwona mtoto
akiipapasa mvua ile, polepole, kwa kiganja,
kisha akageuza kitabu, akatazama nyuma yake,
akishangaa
kwamba karatasi ni laini.