Ua la Saa Nne

Huku Long An hakuna anayeliita kwa jina la vitabuni.
Ni ua la saa nne, basi,
kwa kuwa jua liwake litakavyo tangu saa moja,
lenyewe limefumba, kama mtoto aliyekataa uji.

Mama mkwe, Bi Nhạn, alinifunza siku ya tatu ya ndoa:
kata kipande urefu wa kidole cha kati,
usikipande leo. Kilaze kivulini siku mbili,
kidonda kikauke, kifanye gamba.
"Kikipandwa kinavuja, huoza."
Sikujua kama anausema mche
au ananisema mimi, niliyefika na macho mekundu.

Mchanga wa mtoni, majivu ya makapi ya mpunga,
udongo kiasi, wa kusingizia tu.
Tukapanda ukingoni mwa mfereji, kando ya njia ya saruji,
toka mlangoni petu hadi darajani,
na vilivyobaki kwenye bakuli la supu lenye ufa.
Ukiliona limelegea, ngoja.
Ukiliona limelegea tena, ngoja.
"Kiu haijaua hata moja," husema Bi Nhạn,
"huruma imeua mengi."
Vijani vyake, vinene kama punje za mchele, vina akiba.

Akiba yangu mimi iko kiwandani.
Saa kumi na moja alfajiri basi la kampuni hupiga honi;
nayapita mamia yamebana midomo.
Nabandika soli. Mguu wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto;
wa kulia una mtu wake safu nyingine, sijawahi kumwona.
Saa ya ukutani ikifika nne kamili
nasema kimoyomoyo: sasa.
Kisha gundi inanikumbusha nilipo.

Miaka miwili hivyo. Jumapili? Jumapili ni zamu ya ziada.
Usiku Bi Nhạn hunipa hesabu akinipakulia samaki:
"Leo ya waridi arobaini na matatu, ya manjano kumi na moja,
na moja limechanganyikiwa, nusu jekundu nusu chungwa,
utadhani limevaa gizani."
Nalala tajiri wa maua ya kusikia.

Mwezi wa tisa mvua haikumuuliza mtu.
Maji yalipanda njiani, mashina yakawa meusi, teketeke.
Bakuli peke yake lilipona:
ufa ule tuliouonea haya ndio uliotoa maji.
Tukaanza upya. Kidole cha kati. Siku mbili kivulini.

Halafu, baada ya sikukuu ya Tet, Jumanne,
karatasi langoni pa kiwanda: oda zimehamia nchi nyingine.
Tulisimama watu mia tisa na vyombo vya chakula mikononi.
Nilirudi kwa miguu. Sikulia, nilikuwa napiga hesabu:
umeme, mchele, dawa ya kifua ya Lực.

Bi Nhạn alikuwa amechuchumaa, aking'oa magugu.
Aliniona, hakuuliza. Alisogea tu.
"Kaa. Bado kidogo."

Moja lilitikisika, na upepo haukuwepo.
Likajikunjua na mikunjo yake, kama nguo ya sandukuni.
Nyuki aliingia kabla halijamaliza.
Kisha la pili, kisha sikuweza kufuata,
njia nzima mpaka darajani.

"Yale ya waridi," nikasema, "mbona si waridi? Ni..."
Neno likanikimbia.
"Najua," akasema. "Nilikuwa nakupunguzia.
Ningekwambia kweli, ungebandika vipi viatu?"

Kila moja lina siku hii tu; ya kesho ni mengine.
Chombo cha chakula kilikuwa bado mkononi.
Tukala wali wangu wa mchana saa nne na robo,
pale pale chini, kwa kijiko kimoja.